Sahani ya Lakiri kama Matini: Uhakiki wa Usikilizaji wa Nyimbo za Siti binti Saad

Utangulizi

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay. Huko walirekodiwa nyimbo za Kiswahili na kampuni ya Gramophone, ambayo iliuza sahani zake kwa chapa ya His Master's Voice. Sahani hizo zilirudi pwani ya Afrika Mashariki, zikapigwa majumbani na mikahawani. Siti alifariki mwaka 1950. Kwa hiyo, mhakiki wa leo anayetaka kuisikia sauti yake ya miaka hiyo hana budi kupitia sahani nyeusi za santuri au nakala zilizotokana nazo.

Hata hivyo, uhakiki wa taarabu mara nyingi huanzia kwenye maneno yaliyokwisha kunukuliwa karatasini. Dhamira, mafumbo, vina na mizani hujadiliwa kana kwamba matini ilizaliwa ikiwa imeandikwa. Njia ambayo maneno yalipitia kutoka kwenye mfuo wa sahani hadi kwenye ukurasa haiulizwi. Uhakiki huu unajenga hoja kwamba sahani ni toleo la utungo na kila nakala iliyosalia ina hadhi ya mswada. Kwa msingi huo, kukusanya sahani kuukuu na kuzipiga ni hatua ya kwanza ya uhakiki wenyewe, na hatua hiyo ikikosewa, ufasiri wote unaofuata huyumba.

Umbo la Sahani na Umbo la Wimbo

Sahani za enzi hiyo hazikuwa za plastiki. Kiungo kilichozishikamanisha ni lakiri, yaani utomvu unaotolewa na wadudu wadogo kwenye matawi ya miti, hasa nchini India. Ni utomvu uleule uliotumika kutengeneza lakiri ya kufungia barua. Utomvu huo ulichanganywa na unga wa mawe, masizi na nyuzi, kisha ukakandamizwa ukiwa moto. Matokeo yake yalikuwa kitu kigumu lakini chepesi kuvunjika kama chungu. Sahani ilizunguka takribani mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba dakika 3 hivi.

Kikomo hicho kina maana kubwa kifasihi. Katika onyesho la taarabu mwimbaji huweza kurudia kibwagizo, kuongeza beti, kuwapisha wapigaji, na kujibu hali ya hadhira inayotunza na kushangilia. Mbele ya chombo cha kurekodia hapakuwa na hadhira ya kutunza, na muda ulikuwa umekwisha kupimwa. Hali hii haikuwakumba Waswahili peke yao. Gauhar Jaan, aliyerekodiwa na kampuni hiyohiyo mjini Calcutta mwaka 1902, alilazimika kuubana muziki ambao desturi yake ni kutandazwa kwa muda mrefu.

Ruth Finnegan, katika kazi yake ya mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utungo simulizi hukamilika katika utendaji. Ukitazamwa kwa mtazamo huo, wimbo ulio kwenye sahani ni utendaji mmoja uliokatwa kwa kipimo cha kiwanda. Mhakiki anayedai kwamba mtunzi alikusudia kuumaliza wimbo ghafla ili kuacha fumbo anapaswa kwanza kujiuliza iwapo kilichomkatiza mwimbaji ni fumbo au ni ukingo wa sahani.

Mashine ya Zamani na Suala la Uhalisi

Miongoni mwa wakusanyaji kuna msimamo kwamba sahani ya zamani isikilizwe kwa mashine ya zamani: santuri ya kamani inayozungushwa kwa mkono, yenye sindano ya chuma, kiwambo cha ulanga na pembe ya kukuzia sauti. Msimamo huu una nguvu yake. Mashine hiyo haikuwa na kitufe cha kuongezea sauti. Ukubwa wa sauti ulitegemea aina ya sindano, na sindano ilibadilishwa kila baada ya upande mmoja. Mtu alihitajika kujaza kamani, kugeuza sahani na kutia sindano mpya. Waliosikiliza walikaa karibu na kunyamaza. Mhakiki anayeketi mbele ya mashine kama hiyo hufahamu jambo ambalo kipaza sauti cha kisasa hakiwezi kumwonyesha: namna wimbo uliorekodiwa bila hadhira ulivyojipatia hadhira mpya, safari hii kandokando ya pembe.

Lakini hoja ya uhalisi inapovuka hapo na kudai kwamba hiyo ndiyo sauti halisi ya Siti, haikubaliki, kwa sababu tatu. Kwanza, pembe na kiwambo vina tabia zao. Hukuza sauti za kati, hudhoofisha zile nzito, na huongeza mlio wao wenyewe. Pili, mwendo wa mashine ya kamani hutegemea kidhibiti chake, nao mwendo wa 78 haukufuatwa kila mahali kwa usawa. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 76 ikipigwa kwa 80 hupanda kwa karibu nusu toni. Udi na fidla hutiwa sauti kwa kulinganishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo haviwezi kumpa msikilizaji kipimo cha hakika. Mhakiki anayesifu wembamba wa sauti ya mwimbaji huenda anausifu mwendo wa mashine.

Sababu ya tatu ni nzito kuliko zote. Kichwa cha santuri ya zamani huikandamiza sahani kwa uzito unaozidi gramu 100, ilhali kile cha kisasa kinahitaji gramu chache tu. Unga wa mawe uliomo ndani ya sahani uliisaga sindano ya chuma hadi ikakaa sawasawa ndani ya mfuo, lakini sindano nayo iliula mfuo. Hivyo kila upigaji huondoa sehemu ya kile kinachosikilizwa. Mapenzi ya kuusikia wimbo kwa njia ya wazee yanaweza kuwanyima wajukuu wimbo wenyewe.

Uchakavu na Maana

Hasara hiyo hugusa maana moja kwa moja. Sauti za juu huwekwa kwenye mfuo kwa mitetemo midogo sana, nayo hulika mapema. Sehemu ya mwisho ya kila upande, iliyo karibu na kitovu, huathirika zaidi kwa kuwa mfuo hapo hupita chini ya sindano kwa kasi ndogo. Katika Kiswahili, konsonanti zinazotegemea sauti za juu ni zile za mkwaruzo: s, sh, f na th. Zikififia, fika na shika hukaribiana, fuka na shuka huchanganyika, na saa husikika kama faa. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha huokoa. Katika taarabu, ambapo neno moja hubeba fumbo zima na mlengwa hutajwa kwa kufichwa, muktadha wenyewe umefunikwa makusudi.

Wimbo wa "Kijiti", unaosimulia mauaji ya mwanamke na kuisuta mahakama, unatoa mfano mzuri. Katika utungo wa aina hiyo, nani alitenda na nani aliadhibiwa huonyeshwa na viambishi vya silabi moja. Mkwaruzo mmoja ukiangukia kiambishi cha nafsi, mhukumiwa mmoja huweza kugeuka wengi. Kina cha mwisho wa mshororo humsaidia mnukuzi kurejesha silabi iliyopotea, kwa sababu kanuni yake inajulikana. Mahali pasipo na kina hakuna msaada wa namna hiyo, na hapo ndipo mnukuzi hubuni bila kukiri kwamba amebuni. Aidha, usafishaji wa sauti kwa kompyuta una hatari inayofanana: ukiondoa mvumo wa uso wa sahani bila kadiri, huondoa pia s na sh zilizokuwa zimesalia.

Nakala Nyingi za Sahani Moja

Wataalamu wa tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hawatosheki na mswada mmoja pale inapopatikana miwili. Hulinganisha, hutaja tofauti, na hueleza sababu ya kuchagua usomaji fulani. Utaratibu huo unafaa sahani pia. Nakala mbili za toleo moja zilianza zikiwa sawa, lakini hazikuchakaa sawa. Moja imelika mwanzoni, nyingine ina ufa kwenye ubeti wa mwisho. Mkusanyaji mwenye nakala tatu za wimbo uleule, ambaye jirani zake humwona mlafi wa vitu vikuukuu, ana hazina ambayo mwenye nakala moja safi hana.

Ulinganishaji huu unategemea mambo ya kiufundi ambayo mhakiki wa fasihi anapaswa kuyajua. Namba zilizochorwa karibu na kitovu husaidia kutambua sahani, hata kibandiko kikiwa kimefutika. Sindano za kisasa za upana tofauti hugusa kuta za mfuo kwa vina tofauti, hivyo sindano pana au nyembamba kuliko ile ya zamani yaweza kusoma sehemu ambayo chuma hakikuifikia. Usafishaji nao una miiko: spiriti huyeyusha lakiri, na sahani iliyofutwa kwa spiriti huharibika bila tiba.

Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba sahani ya lakiri iliupa wimbo urefu wake, mashine iliupa mwimbaji sauti ambayo si yake yote, na uchakavu umeyapa maneno mashaka ambayo kurasa zilizochapishwa huyaficha. Inafaa kila mnukuzi wa nyimbo za Siti na wenzake aeleze ametumia nakala ipi, kwa mwendo gani na sindano gani, na aziwekee alama silabi ambazo hakuzisikia vizuri. Santuri ya kamani haina haja ya kutupwa. Ipewe nakala ambayo imekwisha kuchakaa, ili ifundishe namna wazee walivyosikiliza. Nakala bora zipigwe mara chache, kwa kichwa chepesi, na kila upigaji urekodiwe. Kufanya hivyo kutamruhusu msomaji wa kesho kuujaribu ufasiri wa leo dhidi ya sauti yenyewe, badala ya kuurithi kwa imani.