Jinsi Ring ya Solti ilivyorekodiwa

Rekodi ya Der Ring des Nibelungen ya Richard Wagner iliyotolewa na kampuni ya Decca ya Uingereza ilitengenezwa mjini Vienna kati ya mwaka 1958 na 1965. Georg Solti aliongoza okestra ya Vienna Philharmonic. John Culshaw alikuwa mtayarishaji, na mizani ya sauti ilikuwa mikononi mwa fundi mitambo Gordon Parry na wenzake. Ndiyo rekodi ya kwanza ya studio iliyokamilisha opera zote nne, na wapenzi wa muziki huu hadi leo huanza nayo wanapolinganisha matoleo. Jarida la BBC Music liliipa nafasi ya kwanza mwaka 2011 lilipotafuta rekodi bora kuliko zote. Wasioipenda nao wana hoja zao: Solti ana pupa, tarumbeta zinakwaruza, kila kitu kimetiwa chumvi. Lakini kazi yenyewe ikichunguzwa hatua kwa hatua, mengi anayosifiwa au kulaumiwa Solti yanaonekana kuwa maamuzi ya Culshaw na Parry: nani asimame wapi, na maikrofoni ipi imsikie.

Ring inachukua saa 15 hivi. Ilichezwa nzima kwa mara ya kwanza mwaka 1876 huko Bayreuth, katika jumba ambalo Wagner alilijenga kwa ajili ya kazi hiyo. Enzi za santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba dakika nne au zaidi kidogo, kwa hiyo wanunuzi waliuziwa vipande tu. Santuri ndefu zilizoingia sokoni mwaka 1948 zilifikisha karibu nusu saa kwa upande, na mwaka 1958 zikaja za stirio. Hata hapo hesabu ilikuwa ya kutisha: Das Rheingold peke yake ilihitaji santuri 3, na opera zote nne zikafika 19.

Njia ya mkato ilikuwepo, nayo ni kurekodi onyesho lenyewe jukwaani. Decca ilikwisha kuijaribu. Mwaka 1955 mafundi wake walinasa kwa stirio Ring iliyoongozwa na Joseph Keilberth huko Bayreuth, kisha kanda zikawekwa kabatini karibu miaka 50, hadi kampuni ya Testament ilipoanza kuzitoa mwaka 2006. Culshaw hakuvutiwa na njia hiyo. Kishindo cha viatu jukwaani na kikohozi cha watazamaji vilimkera, lakini sababu yake kubwa ilikuwa nyingine. Msikilizaji wa nyumbani haoni joka, haoni moto, haoni mtu akitoweka. Onyesho la jukwaani likinaswa lilivyo, nusu ya hadithi inabaki ukumbini. Kwa mawazo yake, rekodi ilipaswa kutengenezwa kwa ajili ya sikio, na nota za Wagner, zilizojaa maelekezo ya nini kisikike wapi, zilikuwa mwongozo wa kutosha.

Kazi haikufuata mpangilio wa hadithi. Das Rheingold, utangulizi wa yote, ilirekodiwa mwaka 1958, ikauzwa kuliko ilivyotarajiwa, na mauzo hayo ndiyo yaliyofungua mlango wa zilizobaki. Siegfried ilifuata mwaka 1962, Götterdämmerung mwaka 1964, na Die Walküre, ambayo katika hadithi ni ya pili, ikafunga kazi mwaka 1965.

Ukumbi uliotumika ni Sofiensaal. Ulianza katika karne ya 19 kama jumba la kuogea lenye bwawa, baadaye ukawa ukumbi wa dansi na karamu. Bwawa lilibaki tupu chini ya sakafu ya mbao, na uwazi huo unatajwa kuwa siri ya besi yake nzito, yenye joto bila kuvuma kupita kiasi. Ukumbi ulishika moto mwaka 2001, na ingawa baadaye ulikarabatiwa na kufunguliwa tena, mlio ule haurudishiki. Umebaki kwenye kanda tu.

Okestra ilikaa sakafuni na waimbaji wakasimama jukwaani nyuma yake, wakitazamana na Solti juu ya vichwa vya wapigaji. Kwa unasaji wenyewe Decca ilikuwa na utaratibu iliouunda miaka ya 1950, unaojulikana kama mti wa Decca: maikrofoni tatu zilizofungwa kwenye fremu juu ya kiongozi wa okestra, moja kushoto, moja kulia, moja ikitangulia mbele katikati. Kwa kawaida zile za pembeni huachana mita 2 hivi, na fremu huinuliwa kiasi cha mita 3 kutoka sakafuni. Nyingine mbili huwekwa mbali zaidi pembeni kupanua picha, na waimbaji huwa na zao. Sauti ya fidla za kushoto hufika kwenye maikrofoni ya kushoto mapema kidogo na kwa nguvu zaidi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoliambia sikio kuwa fidla ziko upande ule. Maikrofoni ya katikati huzuia shimo kati ya spika mbili, kasoro iliyosumbua rekodi nyingi za stirio za mwanzo.

Sakafu ya jukwaa la waimbaji iligawanywa katika miraba yenye namba. Mwimbaji alijua kwamba neno fulani ataliimba akiwa kwenye mraba huu, kisha atasogea mpaka ule kabla ya sentensi inayofuata. Msaidizi wa mtayarishaji alifuatilia nota na kuhakikisha kila mmoja yuko mahali pake. Hivyo mtu anayemkaribia mwenzake anasikika akimkaribia kweli, na hakuna fundi aliyelazimika kumsogeza kwa kuzungusha kitasa. Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kitasa huhamisha sauti peke yake. Mwimbaji akitembea, mwangwi wa ukumbi unabadilika pamoja naye.

Ufundi huo uliwekwa kwenye mizani hasa na fuawe. Katika Das Rheingold, Wotan na Loge wanashuka kutoka makao ya miungu hadi machimbo ya Nibelheim, ambako vibeti watumwa wanafua dhahabu. Wagner aliandika fuawe 18, za ukubwa wa namna tatu, zigongwe kwa pigo la kurukaruka linalojirudia. Mlio unaanza kwa mbali, unakua, okestra inanyamaza na fuawe zinabaki pekee, kisha okestra inarudi na kuzifunika. Majumba mengi ya opera hukwepa gharama kwa kugonga vipande vichache vya chuma. Culshaw alitafuta fuawe 18 halisi na watu wa kuzigonga. Kwa mafundi huo ulikuwa mtihani, kwani chuma kikigongwa juu ya chuma hutoa mlio mkali wa ghafla unaofikisha kanda kwenye kikomo chake mara moja, na mlio huohuo ukichongwa kwenye santuri unaweza kuirusha sindano nje ya mfereji wake. Kilichopatikana ni mlio mpana unaotanda kati ya spika, wenye mapigo makubwa na madogo yanayotofautishika. Pamoja na radi ya mungu Donner mwishoni mwa opera hiyo, fuawe hizo zikawa kipimo ambacho watu walikitumia kujaribu mitambo yao ya nyumbani.

Mfano wa pili, ambao unasifiwa mara chache zaidi, uko katika tendo la pili la Götterdämmerung. Hagen anawaita wapiganaji kwa baragumu la pembe ya ng'ombe, na mengine mawili yanamjibu. Wagner alitaka matatu yenye toni za C, D flati na D, zilizobanana kiasi kwamba zikilia pamoja zinakwaruzana vibaya. Kwingi tromboni ndizo zinazopewa kazi hiyo. Tromboni inapatia noti lakini mlio wake ni wa kistaarabu mno. Decca ilitumia mabaragumu yaliyotengenezwa maalumu na kuyatenganisha ili mwito utoke upande mmoja na jibu upande mwingine. Ukali wa mlio, umbali, na mgongano wa toni vinasikika kwa pamoja, na kabla kwaya haijafungua kinywa msikilizaji anajua kuwa karamu hii ya harusi haitaisha salama.

Mitambo iliguswa moja kwa moja mahali pachache. Mwishoni mwa tendo la kwanza la opera hiyohiyo, Siegfried anavaa Tarnhelm, kofia ya uchawi, na kumwendea Brünnhilde kwa sura ya Gunther. Siegfried ni tenori, Gunther ni baritoni, na nota zinamtaka Siegfried abadili sauti yake iwe nzito na ya kukwaruza. Mafundi waliigeuza kielektroniki sauti ya Wolfgang Windgassen mpaka ikasogea karibu na ya Dietrich Fischer-Dieskau, aliyeimba Gunther. Wapo wanaouita ujanja huo udanganyifu. Hoja hiyo haina uzito, kwani ulaghai wa sauti ndio kiini cha tukio lenyewe. Panapostahili shaka ni katika Das Rheingold, pale kibeti Alberich asiyeonekana anapomwandama ndugu yake Mime kwa viboko: ujanja wa stirio huko unaanza kujionyesha wenyewe badala ya kuihudumia hadithi.

Wakati wa Götterdämmerung, kikosi cha BBC kilikuwa ukumbini kikitengeneza filamu. Humo Birgit Nilsson, aliyeimba Brünnhilde, anaonekana akiangua kicheko baada ya farasi hai kuingizwa kwa mzaha pale anapomwita farasi wake Grane. Farasi hayumo kwenye santuri.

Yote hayo yalinaswa kwenye kanda ya njia mbili tu, kushoto na kulia. Ukweli huu mkavu unaeleza tabia nzima ya rekodi. Siku hizi kila maikrofoni huhifadhiwa kwenye njia yake na mizani hurekebishwa baadaye. Parry alichanganya maikrofoni zote papo hapo, muziki ukiendelea. Kama sauti ya mwimbaji ilizama chini ya tromboni, dawa ilikuwa kurudia kipande chote, kisha kukata kanda kwa wembe na kuunga. Ndiyo maana mizani ililazimika kuwa na msimamo tangu mwanzo, na msimamo wao ulikuwa kuiweka okestra mbele kama mhusika kamili huku waimbaji wakiwa ndani yake, si juu yake.

Hapo ndipo wasikilizaji wanapoachana. Bayreuth, okestra inakaa chini ya jukwaa, kwenye shimo lililofunikwa. Shaba zinafika ukumbini zikiwa zimelainishwa, na maneno ya waimbaji yanapita bila kupigana. Rekodi ya Vienna inafanya kinyume. Anayependelea rekodi za Keilberth za 1955, au za Karl Böhm zilizonaswa huko Bayreuth mwaka 1966 na 1967, kwa kawaida anapenda pia mpangilio huo wa Wagner, hata kama anadhani anazungumzia kasi ya Solti. Kuhusu waimbaji mjadala ni wa haki zaidi. Wotan aliimbwa na George London katika Das Rheingold, kisha na Hans Hotter. Ilipofika Die Walküre, Hotter alikuwa na umri wa miaka 56. Ufahamu wake wa kila neno hauna mfano, lakini sauti inayumba kwenye noti ndefu, na maikrofoni haisamehi. Kwa upande mwingine, bila mradi huu Kirsten Flagstad, aliyekwisha kustaafu jukwaani, asingesikika kama Fricka katika Das Rheingold. Alifariki mwaka 1962.

Mlinganisho wa maoni unavurugwa pia na matoleo yenyewe. Santuri za mwanzo, diski za miaka ya 1980, na usafishaji wa mwaka 1997 ulioondoa mvumo wa kanda (na kwa masikio ya baadhi ya watu, sehemu ya uhai wa fidla) havilii sawa. Toleo la 2012 lilitegemea nakala ya 1997 kwa kuwa kanda asilia zilikuwa zimechakaa. Kuanzia 2022 Decca ilirudi kwenye kanda hizo, ikazitengeneza na kuzinakili upya. Kuna hata toleo la sauti ya kuzunguka, lililotolewa kwenye njia zilezile mbili. Kinachobadilika kutoka toleo hadi toleo ni mvumo, rangi ya sauti na ukali wa shaba. Sauti ya Hotter haiwezi kupandishwa peke yake, wala tromboni kushushwa, kwa sababu ziliunganishwa Sofiensaal na hakuna njia ya pembeni zilipohifadhiwa.