Kila Kitu na Kamba Yake

Maji ya nchi yetu ya Kibugu hayakai. Huteremka kutoka msitu wa Mlima Kenya, yakapita kando ya michai na mibuni kwa njia ya mto Kapingazi, yakajiunga na Rupingazi, kisha na Thiba, na huko chini katika nchi ya joto yakaingia katika bwawa la Kamburu, ambamo, tangu mitambo yake ilipoanza kufua umeme mwaka 1974, watu ambao baba zao hawakuwa wavuvi wala walaji wa samaki wamejifunza kutafuta riziki kwa nyavu na ndoana. Sisi wa mlimani tuliujua mto wa kuchota na wa kuvuka. Hatukuyajua maji ya kukaa juu yake usiku kucha. Kwa hiyo ustadi ninaotaka kuusifu hapa haukuzaliwa kwetu, bali ulikuja na wageni, na aghalabu walikuwa watu wa Ziwa Victoria, nami nachelea kwamba utaondoka pamoja nao kabla hatujaupokea sawasawa.

Ustadi wenyewe si ule wa kuunda chombo. Waundaji wa vyombo wamepata sifa zao tangu zamani, na siku ya kushua chombo kipya watu hukusanyika wakala wakashangilia. Ninaousifu ni ule unaofuata, usio na karamu wala mashahidi: kazi ya kukitengeneza chombo kidogo cha mvuvi mmoja baada ya kwisha kuundwa, ili kila kitu atakachokihitaji kiwe mahali pake, kiwe karibu na mkono wake, na kiwe kimefungwa.

Asubuhi moja, ufuoni pa Kamburu, nilimtazama mzee aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria na kuvua katika bwawa hilo tangu ujana wake, akiutengeneza mtumbwi wa kijana aliyeununua juzi kwa fedha za majani chai. Kijana aliona kazi yote imekwisha: mtumbwi hauvuji, makafi yapo, nyavu zipo, kilichobaki ni kuingia majini. Mzee hakubishana naye. Aliketi chini, akatoa mfuko wa vipande vya kamba, akaanza. Kafi la kwanza alilitoboa mpini karibu na ncha, akapitisha uzi mzito, akaufunga upande wa pili kwenye kiti, akiupima urefu wake kwa mkono wa kijana mwenyewe, kwa kuwa uzi mfupi humzuia mpiga kafi na uzi mrefu humnasa miguu. Kafi la pili, la akiba, alililaza ubavuni kwa ndani, chini ya vitanzi viwili vya tyubu ya baiskeli. Dumu lililokatwa la kufulia maji alilifunga nyuma ya kiti, kwa sababu, alivyoeleza, siku mtumbwi unapojaa maji, chombo cha kufulia ndicho huelea kwanza kikaenda zake. Ndoana alizichomeka katika kipande cha soli ya ndara alichokipigilia ukingoni, mbali na paja. Kisu hakukitia mfukoni wala kikapuni; alikifunga ndani ya ala yake juu ya jaketi la kuokolea, kifuani katikati, pahali ambapo mkono wowote wa mwenyewe waweza kukifikia, kwani mtu aliyenaswa na wavu majini hachagui mkono.

Lakini nilichokistaajabia kupita vyote ni kamba ya nanga. Nanga yenyewe ilikuwa jiwe tu, limevikwa kipande cha wavu mkuukuu. Kijana alikuwa ameifunga kamba yake kwenye ukingo wa mtumbwi, katikati, karibu na kiti, kwa kuwa ndipo palipokuwa pepesi kwake. Mzee aliifungua pasipo kusema neno, akaipeleka mpaka omo, akaipitisha katika pete pana aliyoitia hapo, kisha akairudisha kwa upande wa ndani hadi kitini, ili mvuvi aishike akiwa ameketi, lakini chombo chenyewe kivutwe kwa pua yake. Mtumbwi ulioshikwa kwa ubavu, upepo wa alasiri ukivuma, huyapa mawimbi upande wake mzima, na maji huingia kabla mwenyewe hajajua kilichotokea; ulioshikwa kwa omo huyakabili maji, ukapanda na kushuka nayo. Hapo kitini akaifunga kwa fundo ambalo mkia wake ukivutwa mara moja hufunguka lote, na mwisho wa kamba, kupita fundo, akafunga chupa tupu ya plastiki yenye kifuniko madhubuti. Niliuliza chupa ni ya nini. Akanionyesha kwa mkono upande wa magugu, ambako viboko hulala mchana. Kiboko akiibuka karibu, mvuvi hana nafasi ya kuvuta jiwe kutoka chini, wala ya kutafuta kisu akakata; huuvuta mkia wa fundo, kamba yote ikaponyoka ikaingia majini pamoja na chupa yake, mtumbwi ukawa huru, naye akapiga kafi akajiokoa. Hatari ikiisha hurudi, akaiona chupa inaelea, akaichukua nanga yake bila hasara. Nimeonyeshwa mitambo mingi katika maisha yangu, na michache ndiyo niliyoona ndani yake fikra nyingi kiasi hicho.

Kazi ilipotimia alimketisha kijana mtumbwini, ungali nchi kavu, akamfunga macho kwa leso, kwa kuwa uvuvi wa huko ni wa usiku. Akawa anataja: kisu, kafi la akiba, dumu, filimbi, fundo la nanga, taa. Mkono wa kijana ulikwenda na kurudi, ukapata kila kitu isipokuwa taa, aliyoitafuta mara mbili akaikosa. Mzee hakumkemea, aliifungua taa ile, akaihamishia pale mkono ulipokwenda kuitafuta mara ya kwanza, akaifunga upya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa adabu ya kazi hiyo: chombo humfuata mtu, na mtu mwenyewe hupimwa gizani kabla ya giza lenyewe kumfikia.

Wazee wetu wa Embu na Mbeere, ingawa hawakuwa watu wa maji, wangeifahamu adabu hiyo mara moja, maana mrina asali aliyepanda mti mrefu usiku kuuendea mzinga alijifunga kisu, na kamba ya kuteremshia asali, na kile cha kufukizia nyuki, kila kimoja pahali ambapo mkono ungekikuta, naye hakupanda akiwa na kitu kilicholegea.

Na tukiyafuata maji yale yale ya kwetu, kutoka Kamburu kwenda Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kupita Garissa na nchi ya Wapokomo hadi Kipini yanapoingia Bahari ya Hindi, twafika kwa watu walioijua elimu hii zamani kuliko wote katika nchi yetu. Matengo ya ngalawa, yale yanayokizuia chombo kisipinduke, hufungwa kwa kamba kwenye mirengu yake, na fungo hilo hulegea kidogo wimbi linapopita, kisha hurudi mahali pake, ambapo msumari ungepasua mbao. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari. Kadhalika mvuvi wa pwani aliyekwenda peke yake hakuondoka bila upo wa kufulia maji ngamani, na upondo, na maji ya kunywa, na mishipi iliyokunjwa kwa namna ambayo haitatatizana. Mambo ya mabaharia wa Lamu aliyaandika kwa urefu Mholanzi mmoja, A. H. J. Prins, katika kitabu kilichotoka mwaka 1965. Na ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa shule wa leo atakaye kuyasoma hana budi kuyatafuta katika Kiingereza, hali lugha iliyokuwa na jina la kila kamba ya chombo ni hii yetu.

Mbali sana na joto letu, huko Greenland, Wainuiti walifikia maarifa hayo hayo kwa chombo kiitwacho kayaki, cha mtu mmoja, chenye mbavu za mti na ngozi ya sili juu yake, kilichoundwa kwa vipimo vya mwili wa mwenyewe. Juu ya sitaha yake zilikazwa kanda za ngozi, na chini ya kanda hizo zililala silaha za mwindaji, kila moja mahali pasipobadilika. Na chusa chake kilifungwa kamba yenye boya la ngozi iliyojazwa pumzi, ili kilichochomwa kisizame kikapotea. Watu hao hawakupata kukutana na wa Lamu wala wa Ziwa Victoria. Maji ndiyo yaliyowafundisha wote, na fikira ya mzee wa Kamburu juu ya chupa yake ni ndugu wa fikira ile.

Leo kayaki zimefika kwetu, za plastiki, zenye rangi za kupendeza. Huonekana ufuoni Watamu na Kilifi, na vijana wameanza kuzitamani hata katika mabwawa. Si chombo kibaya. Kiwandani zimetiwa pete na vishikizo vingi, kana kwamba aliyezichora alimjua mzee wetu. Lakini nazitazama zikienda majini na pete zile tupu, kafi bila uzi, nanga imefungwa ubavuni, simu mfukoni mwa suruali, na jaketi la kuokolea limekaliwa kama mto, la kuvaliwa endapo mkaguzi atatokea. Na mitumbwi ya mbao nayo imekuwa hivyo hivyo. Kijana atafanya kazi miezi mingi apate fedha ya kununua chombo, kisha atakataa kupoteza asubuhi moja kukifunga kamba, akasema kwamba yeye anajua kuogelea. Mwenye kujua kuogelea huchoka. Na akiwa amenaswa na nyavu zake mwenyewe usiku, kisu kikiwa chini ya samaki, kuogelea hakumfai kitu. Tumezika vijana kwa sababu hiyo, tukasema ni kazi ya Mungu, na pale ufuoni kila mtu alijua kwamba palikosekana dhiraa moja ya uzi.

Kanuni za uvuvi za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wa kila ufuo kamati yao ya usimamizi, nazo zipo hata mabwawani. Nazisihi kamati hizo zimwekee mzee wa namna hii kiti na posho, ili kila chombo kipya kipite mikononi mwake, na mvuvi mpya asiruhusiwe kuingia majini kabla hajafungwa macho akaweza kukishika kisu chake, na kafi lake, na fundo la nanga yake. Jambo hili lisingoje mwaka mwingine, maana wanaoijua kazi hiyo pale Kamburu wamebaki wachache, nao wote ni watu wazima sana.