Falsafa si msimamo wa mwandishi: Kosa tunalolirithisha madarasani

Fungua miongozo mingi ya riwaya na tamthilia inayouzwa kwa wanafunzi wa shule za upili. Baada ya maudhui, wahusika na mbinu za lugha, utakutana na kijisehemu chenye kichwa ‘Falsafa ya mwandishi’. Chini yake pana sentensi moja au mbili: mwandishi anaamini kuwa haki hushinda, mwandishi anaamini kuwa ufisadi huangamiza taifa. Mwanafunzi huzikariri, huzinakili katika mtihani, mtahini hutia alama ya vyema, na kila mtu huenda zake.

Nami nimekuwa mtahini wa aina hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu, na darasa langu lilisoma Kusadikika ya Shaaban Robert kama kitabu cha ziada. Niliwauliza wanafunzi falsafa ya mwandishi ni ipi. Nilitarajia jibu moja tu: haki hushinda dhuluma. Binti mmoja akaandika jambo tofauti. Aliuliza: kama haki hushinda, mbona wale wajumbe sita walioitumikia nchi yao walitupwa gerezani? Na Karama aliposhinda kesi, alishinda kwa sababu alikuwa na haki ama kwa sababu mfalme alikubali kumsikiliza? Nilimpa sufuri kati ya alama nne. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: ‘Hujajibu swali.’

Leo nakiri kuwa ni yeye peke yake aliyelijibu. Wenzake walinipa kauli. Yeye alinipa falsafa.

Tuanze na neno lenyewe. Falsafa tulilipokea kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililitoa katika Kigiriki, ambako lilimaanisha mapenzi ya hekima. Mapenzi, si umiliki. Anayeipenda hekima bado anaitafuta, na anayetafuta huuliza. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili limepanuka. Tunasikia falsafa ya kocha, falsafa ya kampuni, falsafa ya chama. Sina ugomvi na matumizi hayo, maana maneno hupanuka. Tatizo huja pale maana hii ya pili inapoimeza ile ya kwanza.

Kizazi changu kililizoea neno hili kupitia Falsafa ya Nyayo: amani, upendo na umoja. Tuliiimba, tuliisikia redioni, tuliikariri shuleni. Haikuwa falsafa ya kujadiliwa, na jina lake halikuficha hilo: nyayo hufuatwa, hazihojiwi. Sidai kuwa hiyo ndiyo sababu pekee ya Wakenya wengi kudhani kuwa falsafa ni kauli ya mkubwa inayorudiwa na wadogo. Lakini sidhani kama ilitusaidia.

Basi falsafa inayohojiwa inahusu nini? Wasomi huigawa katika matawi kadhaa. Hebu tuyapitie, na badala ya kuanza na Wagiriki, tuanze na maneno tuliyo nayo vinywani kila siku.

Tawi la kwanza ni metafizikia, linalouliza ni nini kilichopo na kwa nini mambo hutokea yanavyotokea. Matatu ikipinduka kwa sababu dereva alikuwa akikimbia kupita kiasi, hakosi mtu wa kusema: ajali haina kinga. Katika asili yake ya Kiarabu, ajali ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu iliyokwisha kuwekwa. Ukilishika neno kwa maana hiyo, methali inasema hakuna wa kuikwepa siku yake. Lakini lugha hiyo hiyo inatuambia kuwa majuto ni mjukuu, na hakuna anayejutia jambo ambalo hangeweza kulitenda vinginevyo. Kama kila kitu kimeandikwa, kwa nini tunampeleka dereva kortini? Hilo ni swali la hiari na majaaliwa, na limewakosesha usingizi Waislamu, Wakristo na wasio na dini kwa karne nyingi.

La pili ni epistemolojia, yaani taaluma ya maarifa. Tuseme saa ya ukutani ilisimama jana ikionyesha saa nne kamili. Leo unaingia, unaitazama, unasema ni saa nne. Kwa bahati, kweli ni saa nne. Je, ulijua? Uliamini, ulichoamini kilikuwa kweli, tena ulikuwa na sababu ya kuamini. Hata hivyo wengi wetu tutasita kukiita kitu hicho kujua. Bertrand Russell alitumia mfano wa saa iliyosimama mwaka wa 1948, na mwaka wa 1963 Edmund Gettier wa Marekani alichapisha makala ya kurasa tatu hivi yaliyowalazimu wanafalsafa kuuliza upya kujua ni nini. Sasa mfikirie jirani aliyesambaza uvumi kwa simu, na uvumi ukatokea kuwa kweli. ‘Si niliwaambia?’ anajigamba. Alijua ama alibahatisha?

La tatu ni mantiki, inayokagua kama hitimisho linafuata kutokana na sababu zilizotolewa. Haraka haraka haina baraka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwanafunzi anayetaja methali kama ushahidi hajathibitisha lolote, kwa sababu mpinzani wake anayo ya kumjibu. Kazi inaanza anapoeleza kwa nini hii, wala si ile, ndiyo inayofaa hapa.

La nne ni maadili. Huwa tunasema ‘yule si mtu’ juu ya binadamu anayepumua na kutembea. Maana yake ni kuwa kuna mtu wa mwili na kuna mtu wa utu. Je, utu tunazaliwa nao ama tunaupata? Ifeanyi Menkiti wa Nigeria, katika makala ya 1984, alisema kuwa katika fikra za Kiafrika mtu huufikia utu hatua kwa hatua akiwa ndani ya jamii, na anaweza kushindwa kuufikia. Kwame Gyekye wa Ghana alipinga: jamii haiwezi kupewa neno la mwisho kuhusu nani ni mtu. Msidhani kuwa huu ni ubishi wa maprofesa tu. Kama utu hupatikana, basi hupotezwa pia. Na mwizi wa simu aliyezingirwa na umati wenye mawe na tairi, naye ameshapoteza wake? Wanaomzingira huwa wamekwisha kujibu swali hilo bila kujua kuwa wameulizwa.

La tano ni falsafa ya siasa. Kiswahili kina neno moja, haki, kwa mambo mawili: stahiki ya mtu, kama tunaposema ‘haki yangu’, na uadilifu, kama tunaposema ‘haki itendeke’. Katiba yetu ya 2010 imetenga sura nzima kwa haki. Lakini je, nina haki kwa sababu Katiba imesema, ama Katiba ilisema kwa sababu tayari nilikuwa nayo? Ikiwa ni kwa sababu imesema tu, basi anayeweza kuibadilisha anaweza kuninyang’anya. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua mwanafunzi wangu kuhusu Karama na mfalme.

Kuna pia ujumi, unaohusu uzuri na sanaa. Sisi husema mtu mzuri kwa sura na mtu mzuri kwa tabia, neno ni lile lile. Kisha tunaonyana kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Neno linaunganisha, methali inatenganisha. Tumwamini yupi?

Hapa pana mtego, nasi tunaopenda lugha ndio wa kwanza kunaswa. Ni rahisi kudhani kuwa lugha ikiwa na neno fulani, basi jamii yake ina falsafa fulani. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha African Religions and Philosophy mwaka wa 1969. Alichunguza njeo za vitenzi katika Kikamba na Kikikuyu, akahitimisha kuwa kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili, uliopita na uliopo. Ule ujao karibu haupo, hauvuki miaka miwili hivi. Ili kulieleza wazo lake aliazima maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani.

Mbiti ni mkubwa wetu. Aliulazimisha ulimwengu kuichukulia fikra ya Mwafrika kwa uzito wakati wengine waliicheka. Lakini kumheshimu ni pamoja na kumhoji, na hoja yake ina nyufa. Kwanza, kuruka kutoka lugha mbili hadi bara zima ni mruko mrefu mno. Gyekye alionyesha kuwa fikra za Waakan haziungi mkono dai hilo. Pili, Kiswahili alichokiazima kina kiambishi -ta-, kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, kina mwakani, na kina kiyama. Anayemtetea atasema, na si bure, kuwa maneno aliyoazima yalikuwa vyombo tu, na kuwa kiyama kilikuja na dini. Sawa, tukubali. La tatu bado linabaki: lugha kukosa njeo si msemaji kukosa wazo. Kiingereza hakina kiambishi cha wakati ujao katika kitenzi. Kinatumia neno saidizi. Sijasikia msomi akidai kuwa Waingereza hawaijui kesho. Naye mkulima anayepanda mbegu ya mwembe anajua vyema kuwa hatakula embe lake mwakani.

Kwa hiyo lugha hutufungulia swali, lakini haitupi jibu. Jibu hutafutwa kwa sababu, na sababu hukaguliwa.

Aliyelielewa hili mapema hapa kwetu ni Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka wa 1995. Badala ya kuisaka falsafa katika sarufi au katika kauli za ‘jamii’ isiyo na sura, aliwaendea wazee mmoja mmoja, kwa majina yao, akawauliza na kuwadadisi. Kitabu chake, Sage Philosophy, kilitoka mwaka wa 1990. Humo anatofautisha wahenga wa aina mbili. Wa kwanza anaijua hekima ya watu wake na kuieleza barabara. Wa pili anaijua vile vile, kisha anaipima kwa akili yake, na yuko tayari kusema: hapa wazee wetu walikosea, na sababu ni hii. Huyu wa pili ndiye Oruka aliyemhesabu kuwa mwanafalsafa, awe amesoma ama hajasoma.

Miongozo yetu, ikifanikiwa sana, huzalisha mhenga wa aina ya kwanza. Na hata huyo ni nusu, maana hekima anayoikariri si ya watu wake, ni ya mwenye mwongozo.

Fasihi yenyewe imetutangulia. Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamifu, iliyokamilika 1985 huko Wisconsin, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Kisha akatuachia Nagona mwaka wa 1990 na Mzingile mwaka wa 1991. Nimewahi kuketi na walimu wenzangu tukitafuta ile sentensi moja ya ‘falsafa ya mwandishi’ katika Nagona. Tuliikosa. Riwaya ile ni safari ya mtafutaji, na anayetaka kutoka nayo na kauli moja mfukoni atakuwa ameisoma kinyume.

Napendekeza nini? Hilo swali la falsafa ya mwandishi tulivunje mara tatu. Mwandishi anauliza nini kuhusu maisha? Kupitia wahusika na matukio, anatoa sababu zipi za kuegemea jibu fulani? Je, sababu hizo zinatosha? Najua mtakalosema, walimu wenzangu: majibu yatakuwa mengi, usahihishaji utakuwa mgumu, na wakati wenyewe uko wapi? Ni kweli kuwa majibu yatakuwa mengi. Lakini sababu nzuri na sababu mbovu zinatofautika, na kuzitofautisha ni kazi tunayolipwa kuifanya. Tunapotahini insha za hoja tunaifanya tayari. Sioni kwa nini tuiogope katika fasihi.

Yule binti alimaliza shule bila mimi kumrudishia alama zake nne. Swali lake ninalo bado, na kila mwaka nalipeleka darasani: haki ilimshindia Karama, ama ni mfalme? Sijapata jibu linaloniridhisha kabisa. Ila sasa mwanafunzi akiniletea sababu, kalamu nyekundu huiweka chini kwanza nikasoma.