Kizibao Kimoja kwa Wote Si Kazi ya Fundi

Imezunguka picha ya kikosi cha mapokezi cha kongamano moja hapa Dar, watu wamepangwa kwenye ngazi, wote ndani ya vizibao vya njano vilivyoandikwa STAFF mgongoni, na chini yake pongezi tupu: wamependeza, wamepangika, kazi safi. Mimi nachapa vizibao na beji, ndiyo riziki yangu, kwa hiyo niseme wazi kwamba kazi ile ni mbovu. Wengi waliosimama pale ni vijana wa chuo waliokuja kujitolea kwa nauli na chakula cha mchana. Mgeni aliyepotelewa na mzigo atamvamia yeyote kati yao, na kijana wa watu atatukanwa kwa jambo ambalo hana saini ya kulimaliza.

Alama nzuri humjulisha mgeni, kabla hajafungua mdomo, kama huyu aliye mbele yake anaweza kuamua au anaweza kumwelekeza tu. Kupendeza kunafuata baadaye, kama nafasi ipo.

Na ile njano! Nani aliyesema reflekta ni sare? Rangi hizi za kung'aa zilijaribiwa mwaka 1964 kwa wafanyakazi wa reli kule Glasgow ili dereva wa treni awaone mapema. Zinapiga kelele kwamba hapo kuna mtu, basi. Mtu huyo ni nani, hazijui. Mjini kwetu zinavaliwa na bodaboda, mchimba mtaro na mlinzi wa duka. Mwajiriwa avae buluu iliyokolea, volontia avae kijani, na kijani chenyewe kiwe cha jani la mgomba, si cha chupa. Sina hoja ya kutetea hilo, ndivyo inavyotakiwa. Ila rangi peke yake usiiamini. Wapo wanaume wasiotenganisha nyekundu na kijani, na chini ya zile taa za njano za barabarani damu ya mzee na kijani huwa tope moja. Kwa hiyo mshono nao utofautiane: mwajiriwa shati lenye kola, volontia kizibao juu ya nguo zake. Mgongoni neno moja, herufi nene, zisizo na madoido. Maneno mawili tayari ni tangazo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mgeni wa kazi hii hakioni hata ukimwonyesha: beji hugeuka. Beji yenye tundu moja katikati, inayoning'inia kwenye klipu moja, haina mbele wala nyuma. Aliyeivaa akiinama kuandika, akipanda ngazi, akipita mbele ya feni, inazunguka, na ikishazunguka inabaki hivyo, maana yeye mwenyewe haioni. Simama mlangoni pa shughuli yoyote uangalie zilizokutazama na zilizokupa kisogo. Mara nyingi utakuta karibu nusu kwa nusu. Na huko kisogoni kuna nini? Nembo ya mdhamini. Au weupe mtupu. Au namba ya dharura kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Mteja amelipa ili watu wake wajulikane, na nusu ya siku wanatembeza tangazo la benki.

Dawa yake ni matundu mawili kwenye pembe za juu, klipu mbili, na uso uleule uchapwe pande zote. Wapo mafundi watakaokwambia moja kati ya hayo linatosha. Wasikilize, kisha uende kwa fundi mwingine. Kamba nayo iwe fupi. Beji inayofika kitovuni hufichwa na meza mara mwenye nayo anapoketi, na wapokezi kazi yao ni kuketi. Halafu uso wenyewe: wadhifa kwanza, kwa herufi kubwa kuliko zote, jina lifuate, nembo ya shughuli mwisho, tena ndogo. Kamati zote hutaka kinyume. Mgeni anajua amekuja wapi. Asichojua ni amsemeshe nani.

Mzee aliyenifundisha, mwenye kibanda uchochoroni Kariakoo, alikuwa na msumari ukutani mbele ya feni. Kila sampuli ilitundikwa pale, feni ikawashwa, naye akavuka barabara kunywa kahawa. Asipoweza kuisoma kutoka kwenye benchi la muuza kahawa, alirudi akaikata kwa mkasi mteja akiona. Walimnunia sana. Mwaka uliofuata walikuwa palepale kibandani.

Walioandika Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 walilielewa jambo hili la kumtofautisha wa kudumu na msaidizi kuliko kamati zetu. Kifungu cha 40 kinataka wahudumu wa kudumu wa tiba vitani wavae mkono wa kushoto kitambaa kisichoharibiwa na maji, chenye alama, kilichotolewa na kugongwa muhuri na mamlaka ya jeshi. Kifungu cha 41 kinawageukia wasaidizi, wale askari waliofundishwa kubeba machela au kuuguza pindi haja ikitokea: wao kitambaa cheupe chenye alama ileile kwa umbo dogo, wakivae wakati wa kuhudumu tu, na karatasi zao zitaje mafunzo waliyopata na kwamba kazi yao ni ya muda.

Wala kutofautisha si kudharau, kama wanavyodai wanaotaka wote wafanane. Mwaka 1944, wasichana wa sekondari kule East Orange, New Jersey, walianza kujitolea hospitalini wakiwa na magauni ya mistari myekundu na myeupe. Huwezi kuyachanganya na vazi jeupe la muuguzi, na ni mazuri mno. Volontia anastahili kitambaa kizuri. Anayempa kizibao cha nailoni kinachomtoa jasho aulizwe bajeti ilikwenda wapi.

Uchapaji nao usisahauliwe. Fundi mwenzetu mmoja, simtaji, hachomi wino. Akishachapa anaanika juani, anakunja, anapeleka. Siku ya kwanza kazi inang'aa; ifuliwe mara mbili, MFANYAKAZI inabaki FANYA KA. Na vizibao visivyo na tarehe vina maisha ya pili. Nimemkuta getini pa uwanja kijana ndani ya kazi ya fundi jirani yangu, ya shughuli ya mwaka uliopita, akitoza magari pesa ya maegesho ambayo hakutumwa na yeyote kuitoza. Watu walikuwa wanalipa na kumshukuru.

Zamani skauti walipotuhudumia kwenye sherehe walipewa utepe wa mkononi uliobanwa kwa pini, na jioni mzee wangu alikaa na daftari kupokea utepe mmoja mmoja, pini pia. Siku hizi vizibao huachwa viende na wenyewe kama zawadi.

Wewe unayeandaa shughuli mwezi ujao, chapisha tarehe chini ya neno, vihesabu vikitoka, vihesabu vikirudi. Na salio la fundi usilimalize mpaka uvute kitambaa na kukwangua herufi kwa ukucha. Zikipasuka, mrudishie mzigo wake.