Kutiririsha: Nani Mtenda?

Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno king'amuzi lilienea majumbani, kwa kuwa lilitaja kazi ya chombo chenyewe: kung'amua mawimbi ya dijitali. Leo baadhi ya watazamaji wanaacha ving'amuzi na madishi, wakitazama filamu na mpira kwa intaneti. Nayo istilahi kutiririsha imeshika nafasi. Istilahi hiyo hatuipingi. Twapinga jinsi itumiwavyo.

Tiririsha ni kauli ya kutendesha ya tiririka. Atiririshaye maji ni yule afunguaye bomba, si yule akingaye ndoo. Hata hivyo, husemwa kwamba mtazamaji "anatiririsha" filamu, kwa kuufuata mkondo wa Kiingereza, ambacho hutumia kitenzi kimoja kwa pande zote mbili. Mkataba ukisema, "Mteja haruhusiwi kutiririsha mchezo," je, amekatazwa kuutazama, au kuurushia wengine?

Twapendekeza hivi: mtoa huduma hutiririsha, picha hutiririka, mteja hutazama. Apakuaye ni mwingine, maana yeye hubaki na faili. Mfasiri na aupime kwanza mnyambuliko wa kitenzi chetu, ndipo aifungue kamusi ya Kiingereza.