Heko kwa Watandaza Sakafu wa Boston

Usiku wa tarehe 22 Oktoba, 2024, timu ya mpira wa kikapu ya Boston Celtics walipofungua msimu kwa kuipandisha bendera yao ya 18 ya ubingwa hadi darini mwa TD Garden, kisha wakawashinda New York Knicks kwa pointi 132 kwa 109, ilhali mitupo yao ya pointi tatu ilitimia 29 na kuifikia rekodi ya ligi ya NBA, sisi mashabiki tuliinua nyuso kwa hamasa, wala sikumwona aliyetazama chini sakafuni. Nami, pasi na kuwapunja wachezaji haki yao, naona kwamba sehemu ya taadhima ile ni ya mafundi wasiotajwa, ambao katika jumba hilohilo, linalochezewa pia magongo ya barafuni, huifunika barafu bila ya kuiyeyusha, wakaziunga mbao za sakafu kipande kwa kipande, aghalabu usiku wa manane. Asili ya sakafu hiyo ni mwaka 1946, mbao zilipokuwa adimu baada ya vita, maseremala wakaviunganisha vipande vifupi vya mwaloni. Na hata ilipoondolewa ya kwanza mwaka 1999, mpya ilipangwa kwa nakshi ileile ya vipande vifupi, jambo ninalolihesabu kuwa adabu kwa wazee wa kazi.