Salfa ya Mikorosho: Somo Lililofika Nachingwea na Ruangwa, na Nusu Iliyobaki

Kuanzia Juni, mashine za kupulizia salfa huanza kunguruma alfajiri katika mashamba ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania. Mkulima anawahi umande, maana unga hushika vizuri kwenye jani lenye unyevu, na hewa ikiwa imetulia dawa haipeperuki ovyo. Kawaida hiyo imetokana na sayansi iliyofikishwa kwa umma, na namna ilivyofikishwa inastahili kuchambuliwa.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho mbali, bei haikulipa, kisha ugonjwa wa ubwiriunga ukavamia. Kuvu wake hustawi katika usiku wa baridi wenye umande, wakati uleule mkorosho unapochipua na kutoa maua. Ua likishatanda unga mweupe hunyauka, na hapo korosho imepotea.

Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, hawakuanza na dawa ngeni. Wakulima wa mizabibu Ufaransa walikuwa wakitumia salfa dhidi ya ubwiriunga wa zabibu tangu miaka ya 1850. Kazi kubwa ilikuwa kuipima kwenye mikorosho, kisha kumfikishia matokeo mtu mwenye mikorosho hamsini na jembe la mkono. Walichofanya sawasawa, kwa maoni yangu, ni kutumia mti wa mkulima mwenyewe kuwa ubao. Mkorosho uliopuliziwa ukisimama jirani na usiopuliziwa, tofauti inaonekana kwa macho kabla ya mavuno. Maelezo ya bwana shamba yaliungwa mkono na ushahidi ambao kila mpita njia angeweza kuukagua. Ni kinyume kabisa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioileta mitambo mizito Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuvunjika mwaka 1951: mpango ulikamilika kwenye karatasi kabla ardhi na mvua hazijasomwa.

Hata hivyo somo la salfa lilibaki nusu. Kilichosisitizwa ni lini na kiasi gani; sababu zake hazikupewa uzito uleule, na hapo ndipo makosa huingia. Salfa haiponyi ua lililokwisha kuungua. Kazi yake ni kinga: joto la mchana huigeuza sehemu yake kuwa mvuke, mvuke huo huingia katika chembe za kuvu na kuvuruga upumuaji wake. Kwa hiyo umande wa alfajiri unashikisha unga, na jua la mchana ndilo linaloufanyisha kazi. Anayeelewa hivyo hatangoja mti uwe mweupe ndipo aongeze dozi maradufu.

Nusu ya pili iko chini ya mti. Salfa inayoanguka udongoni huliwa na bakteria, ambao huigeuza kuwa asidi salfuriki. Hesabu yake ni ya kidato cha nne: gramu 32 za salfa hutoa gramu 98 za asidi. Mfuko mmoja wa kilo 25, ukigeuka wote, ni zaidi ya kilo 76 za asidi, na kuituliza kunahitaji kilo 78 hivi za chokaa safi (kalsiamu kabonati). Si salfa yote inayofika ardhini, lakini udongo wa kichanga wa kusini una uwezo mdogo wa kuhimili asidi, na upuliziaji hurudiwa kila msimu. Mwaka 2003 Ngatunga, Dondeyne na Deckers waliandika kuhusu suala hili katika jarida la kisayansi. Mkorosho unavumilia asidi. Mahindi yanayopandwa katikati ya mikorosho hayavumilii kiasi hicho.

Hapa ndipo idara ya kemia ya chuo kikuu inapohitajika. Idara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam si ngeni kwa zao hili. Profesa Egid Mubofu na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi kemikali zinazopatikana katika mafuta ya maganda ya korosho. Idara hiyo ingeweza kupeleka onyesho la asidi kijijini, nalo halihitaji vyombo vya bei ghali. Chemsha rozela, gawa maji yake katika glasi mbili: ndimu itayafanya mekundu ya kung'aa, maji ya majivu yatayageuza kijani. Rozela haitoshi kupima udongo, ila inamfanya mtu aione asidi. Baada ya hapo kitolewe kipimo cha pH, uchukuliwe udongo wa chini ya kivuli cha mkorosho na ule wa nje ya kivuli, kina kilekile, katika shamba lilelile, na mkulima asome namba mwenyewe.

Vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI tayari vina wanachama, mikutano na maghala, na serikali imekuwa ikigawa salfa ya ruzuku misimu ya karibuni. Pamoja na kila mgao wa salfa, upelekwe pia upimaji wa udongo. Walimu wa kemia wa sekondari za Nachingwea na Ruangwa wasingoje barua kutoka Dar es Salaam: waanze na mikorosho iliyo jirani na shule zao.